Simu ya Magreth

Magreth na Winfrida walizaliwa siku moja pale Mungaa, Magreth akitangulia kwa muda ule tu wa mkunga kunawa mikono na kurudi. Kwa kitambo hicho kidogo Magreth alidai heshima ya dada mkubwa kwa miaka hamsini na minane. Mama yao alimzoesha Winfrida kumwamkia mwenzake shikamoo kila asubuhi, na Winfrida alifanya hivyo mpaka alipoolewa. Baada ya hapo shikamoo aliitoa siku zile tu alizokuwa na shida ya chumvi au ya kuazima ungo. Magreth akishaisikia hakuitikia marahaba, aliuliza anataka nini.

Nyumba zao ziliangaliana, katikati kuna uwanja mmoja wa kuanikia alizeti. Winfrida aliishi na mumewe Laurian, mtu mpole aliyependa mbuzi kuliko mazungumzo. Magreth alikuwa mjane, na mwanawe Calist alifanya kazi Dodoma. Kwa sura walikuwa kitu kimoja. Paji la uso, mashavu, hata mwanya wa meno ya mbele. Watu waliwatofautisha kwa mwendo, kwa kuwa Magreth alitembea kama aliyebeba trei ya mayai, na Winfrida kama aliyechelewa ngoma. Aliyekuwa haoni mfanano huo ni Magreth peke yake. Maisha yake yote alishikilia kwamba pua ya Winfrida ni pana na macho yake yamekaa vibaya, na kwamba watu wanaowachanganya hawaangalii vizuri.

Simu ilikuja baada ya mavuno. Calist alikuwa amegundua kwamba mama yake, kwa kuogopa kusahau namba ya siri ya pesa zake, aliiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, mahali ambapo kila jirani aliyekuja kuomba moto aliweza kuisoma. Akapiga simu akiwa amekasirika, na wiki mbili baadaye akatuma simu ya kupangusa, mpya, ndani ya boksi, na maagizo kwamba mama aende Ikungi kwa fundi mmoja anaitwa Alphonce, amfungie kwa alama ya kidole.

Magreth alikwenda peke yake, maana siku hiyo Winfrida na Laurian walikuwa na mbuzi anayezaa. Aliporudi alikaa kwenye gunia la alizeti uwanjani akasimulia yote. Kidole kilishindikana. Alphonce alijaribu cha kwanza, cha pili, akamaliza vyote kumi, akavifuta kwa kitambaa akaanza upya. Simu haikuona kitu. Miaka arobaini ya kushika jembe, kupiga alizeti na kusugua sufuria kwa majivu ilikuwa imelainisha ncha za vidole vya Magreth kama jiwe la kusagia. Fundi akasema basi, tutatumia sura. Akaiweka sura ifungue simu na iidhinishe malipo pia, mama asiwe tena na namba ya kukumbuka.

"Akaniambia, mama, kidole mtu anaweza hata kukushika ukiwa umelala akakibandika," Magreth alisema, "lakini sura yako hii, dunia nzima hakuna mwingine anayo."

Winfrida alikuwa anapepeta. Aliinamia ungo wake akapepeta kwa nguvu zaidi, mpaka makapi yakamwingia puani akapata sababu ya kupiga chafya na kufuta machozi.

Siku zilizofuata Magreth hakuwa na hadithi nyingine. Kila jioni alimkalisha dada yake na kumwonyesha. Hapa unagusa, hapa unaandika namba ya mtu, hapa kiasi, hapa inakuomba sura, unaiangalia, inakubali. Alirudia hatua zote mpaka Winfrida akawa anazijua kama sala ya Baba Yetu. Hilo Magreth hakuliona kuwa ni hatari. Alikuwa anafundisha tu ili aonekane anajua.

Ilitokea mchana mmoja wa Jumanne. Kuku wa jirani walivamia alizeti, Magreth akanyanyuka na fimbo kuwafukuza, akamtupia Winfrida simu amshikie. Winfrida aliitazama tu, kama mtu anavyotazama kitu alichopewa. Kioo kikawaka, kikafunguka, picha ya Calist akiwa na joho la kuhitimu ikajitokeza.

Aliiweka chini haraka kama imemuunguza. Kisha akaiokota, ikajizima, akaitazama tena. Ikafunguka. Akajaribu akiwa amenuna, akajaribu akiwa amekunja midomo kwa ndani, ikafunguka mara zote mbili. Alipotoa ulimi ndipo simu ikasita, na hata hivyo alipourudisha ulimi ilimpokea bila kinyongo. Magreth aliporudi anahema, alimkuta dada yake amekaa wima, simu mapajani imezimwa, uso hauna dhambi.

Winfrida hakuwa mwizi, na tuseme hivyo mapema. Maisha yake yote hakuwahi kugusa cha mtu. Kama mambo yangeishia pale, angekufa na siri yake ikimchekesha peke yake shambani. Lakini ilikuwa imekaribia harusi ya Aneth.

Aneth alikuwa binti wa kaka yao Andrea, ambaye alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Nyumba zote mbili zilimlea, akila huku na kulala kule. Sasa anaolewa, na kamati ya harusi, chini ya katibu wake Mzee Leonard, ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba kuandika michango. Winfrida na Laurian waliuza mbuzi wawili. Magreth, ambaye mwaka huo aliuza alizeti kuliko mtu yeyote upande ule wa kijiji, alimwambia Mzee Leonard aandike kuku wawili na sala zake. Mzee Leonard aliandika kuku. Aliuliza kama sala nazo ziandikwe, na Magreth akasema ziandikwe.

Winfrida aliambiwa habari hiyo kisimani, mbele ya wanawake, na aliibeba njia nzima pamoja na ndoo. Haikuwa kwamba Magreth hakumpenda Aneth. Alimpenda sana. Lakini pesa ikishaingia mkononi kwa Magreth ilikuwa kama imeingia shimo la panya, kuitoa lazima uchimbe.

Jumapili, baada ya misa na chakula, Magreth alilala kwenye mkeka sebuleni kama kawaida yake, simu pembeni ya kichwa. Winfrida aliingia kuazima ungo. Alimwamkia shikamoo kwa sauti ya chini, na kwa kuwa hakujibiwa, akachukua simu badala ya ungo akatoka nayo hadi nyuma ya zizi.

Alifuata hatua zilezile alizofundishwa. Akaandika namba ya Mzee Leonard, akaandika laki tatu. Simu ikaomba sura. Hapo aliona kwamba mtu anayetoa pesa za Magreth inampasa afanane na Magreth kwelikweli. Akajiweka sawa, akakaza midomo na kukunja uso kama Magreth anavyofanya mtu akimwomba kibiriti. Simu ikakubali papo hapo. Akairudisha pembeni ya kichwa cha mwenyewe, akachukua na ungo asije akasema uongo, akaenda zake nyumbani. Laurian alimuuliza anachekea nini. Akasema amekumbuka jambo la zamani.

Ujumbe wa muamala uliingia kwenye simu, lakini Magreth bila miwani hakuwa msomaji, na miwani ilivunjika tangu mwaka juzi, naye aliona bei ya mpya haina adabu. Kwa hiyo habari ilimfikia Jumapili iliyofuata, kanisani, katika matangazo. Mzee Leonard alisimama na daftari lake akatangaza kwamba kamati imeguswa sana na mchango wa mama mmoja, ambaye aliahidi kuku mbele za watu ili asijikweze, kisha kimyakimya akatuma laki tatu. Akamwomba Mama Calist asimame.

Magreth alisimama. Winfrida, aliyekuwa benchi la nyuma yake, aliona shingo ikikakamaa. Dada yake alifungua mdomo, na Winfrida akajua sasa yatatoka. Lakini watu walishaanza kupiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na Aneth alikuwa amekuja mbio kutoka upande wa kwaya anamkumbatia huku analia. Mdomo wa Magreth ulibaki wazi kitambo. Kisha ukajifunga polepole, ukafunguka tena ukiwa na maneno mengine.

"Ni mwanangu," alisema. "Ni kawaida tu."

Winfrida ilimbidi ainame kutafuta rozari ambayo haikuwa imeanguka.

Siku ya harusi Magreth alikalishwa mbele, karibu na meza ya maharusi, kwenye kiti chenye kitambaa. Aliitwa wa kwanza kulishwa keki. Watu ambao hawakuwa na kawaida ya kumsalimia walimsalimia, na yeye aliwaitikia kwa taratibu, kama mtu aliyezaliwa akitoa. Winfrida alimwangalia akiwa kwenye foleni ya pilau na aliona kitu ambacho hakukitegemea. Magreth alikuwa na furaha. Alipendeza kabisa. Winfrida akajiambia kwamba hakuiba, ila amemsaidia dada yake kuwa mtu mzuri, na kazi hiyo inahitaji kuendelezwa.

Kwa hiyo mwezi uliofuata, kwaya ilipokosa spika, Winfrida alikwenda tena kuazima ungo. Na kwa kuwa alikuwa keshachoka na kazi ya kutembea, akajitumia na vocha ya elfu moja kwenye simu yake ndogo ya kitochi, akaiita nauli.

Safari hii makofi yalipopigwa, Magreth alisimama na kukaa bila kusema lolote. Hakutabasamu. Winfrida alidhani ni hasira, na kwa siku tatu alisubiri mlipuko. Haukuja. Dada yake alikuwa mkimya uwanjani, akianza kuchambua alizeti na kuacha katikati. Siku ya nne alivaa viatu vya safari akaenda Ikungi bila kumuaga mtu, na aliporudi hakupitia kwake. Alikuja moja kwa moja jikoni kwa Winfrida, akavuta kigoda akakaa.

Alisema ametoka kwa Alphonce. Alimwambia kuna mtu ameingia kwenye simu yake, na Alphonce akaikagua yote, akamwonyesha siku na saa. Hakuna aliyeingia, mama, alisema. Kila mara simu iliona sura yako. Ni wewe uliyetuma. Akamuuliza kwa upole kama siku hizi anasahau vitu.

Winfrida alikuwa anakoroga mboga. Aliendelea kukoroga, maana kicheko kilikuwa kimeshafika kooni na hakutaka kitoke.

"Unakumbuka mama alivyoanza," Magreth alisema. Sasa alikuwa anaongea Kinyaturu, kama walivyoongea utotoni, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Alianza hivihivi. Alimpa mtu jembe, kesho akalilia kwamba limeibwa. Baadaye akawa ananiita mimi jina la shangazi. Winfrida, mimi sikumbuki kutuma zile pesa. Hata kidogo sikumbuki. Nimekuja kukwambia wewe kwanza, kabla Calist hajajua, ili nikianza kupotea njia uwe unanirudisha nyumbani."

Kicheko kilikufa palepale. Winfrida aliweka mwiko chini. Alikuwa amefikiria matokeo mengi ya mchezo wake, kugombana, kusemwa kwa padre, hata kupigwa na fimbo ya kuku, lakini hili halikuwahi kumpitia kichwani, kwamba dada yake angelala macho siku tatu akijiona anaingia njia ya mama yao. Alinyoosha mkono.

"Nipe simu," alisema.

Magreth alimpa. Winfrida aliishika mbele ya uso wake, mbali kidogo ili mwenzake aone. Kioo kikawaka, kikafunguka, na Calist akatokea na joho lake.

Magreth aliichukua simu, akaizima, akampa tena Winfrida. Ikafunguka. Akaizima tena, akamfunga dada yake kilemba chake mwenyewe, akampa. Ikafunguka.

Winfrida alieleza yote bila kuficha, ya zizini, ya ungo, hata ile vocha. Alisema anaomba msamaha, na kwamba Laurian akirudi malishoni watazungumza juu ya mbuzi, kila senti itarudi. Alikuwa analia, na moshi ulimsaidia.

Magreth alimsikiliza hadi mwisho. Usoni mwake kulipita mambo mengi, na la kwanza lilikuwa nafuu, kubwa kiasi kwamba alishika ukuta. La pili lilikuwa hasira. Lakini lililokuja kukaa ni jingine kabisa.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "tunafanana?"

Winfrida akasema, kidogo.

"Hata hii pua?"

"Simu ndiyo imesema, siyo mimi."

Magreth aliinuka. Kuhusu mbuzi alikataa kwa neno moja. Alisema Winfrida akithubutu kurudisha hata shilingi, watu watajua siyo yeye aliyetoa, na yeye ameshakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Akachukua kilemba chake na simu yake, akavuka uwanja. Hakusema na dada yake kwa siku tisa.

Siku ya kumi Winfrida alisafiri kwenda Mtinko, ambako binti yake Janeth alikuwa amejifungua. Alikaa wiki mbili akibeba mjukuu na kunywa uji wa mzazi kwa kisingizio cha kuuonja. Aliporudi na basi alimkuta Mzee Leonard uwanjani kwake, na mkokoteni wa kuni, na masufuria ya kanisa yamepangwa ukutani. Laurian alikuwa amesimama kando na mbuzi wake, hana maelezo.

Mzee Leonard alimpa mkono kwa mikono yote miwili. Akamshukuru tena kwa niaba ya kigango. Alisema wanakwaya kutoka Kiomboi watafika keshokutwa, ni thelathini na wanne, na kwamba watu wengi wangeogopa kuwalaza na kuwalisha siku tatu, lakini yeye alisimama kanisani kabla mwingine yeyote hajanyanyua mkono.

"Nilisimama mimi?" Winfrida aliuliza.

"Jumapili iliyopita. Na kilemba chako cha njano. Ukacheza na kidogo, watu wakafurahi sana."

Winfrida alitazama kamba ya nguo. Kilemba cha njano kilikuwa pale, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri kuliko alivyozoea kukikunja. Ng'ambo ya uwanja, Magreth alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mchele. Hakuinua kichwa, ila mabega yalikuwa yanamtikisika.

Winfrida alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Angemwambia Mzee Leonard kwamba wiki mbili hizi alikuwa Mtinko, na dereva wa basi ni shahidi. Lakini kusema hivyo kungeleta swali la kwa nini Magreth afanye jambo kama lile, na jibu lake lilipitia nyuma ya zizi. Akasema kuni hizo hazitoshi, waongeze mkokoteni mmoja.

Wanakwaya walifika wakiwa na njaa ya watu waliosimama kwenye lori tangu alfajiri. Winfrida alipika mpaka mikono ikavimba. Asubuhi ya pili Magreth alivuka uwanja, akamsogeza kwa kiuno, akashika mwiko wa pili. Walisonga ugali sufuria mbili, mgongo kwa mgongo, na mchana walikuwa wameshaanza kubishana juu ya chumvi, kwa hiyo kila mtu aliyewajua alipumua.

Siku ya mwisho mchele uliisha wakati pilau ya kuwaagia wageni haijabandikwa. Magreth akasema kijana wa bodaboda yuko dukani, mwenye duka anataka alipwe kwanza ndipo apakie. Yeye alikuwa anakata nyama, mikono yote damu na mafuta hadi kwenye viwiko. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni.

Alisimama akifikiri. Akatazama ndoo ya maji iliyokuwa mbali, akatazama nyama, akamtazama dada yake.

"Itoe," alisema. "Iangalie wewe. Lakini soma kwa sauti kila unachoandika."

Winfrida aliitoa. Alisoma kwa sauti namba ya mwenye duka, akasoma kiasi kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na Magreth akarudia kila tarakimu, kisu kikiwa hewani. Simu ilipoomba sura, Winfrida alikaza midomo na kukunja uso kama alivyofanya nyuma ya zizi.

"Mbona unanuna hivyo?" Magreth aliuliza.

"Ndivyo inavyokujua."

Magreth alifikiria kumpiga na mfupa, lakini wageni walikuwa wanaangalia. Malipo yalikwenda, mchele ukaja, pilau ikaliwa. Jioni wanakwaya walipoondoka waliwaimbia wenyeji wao wimbo mzima barabarani.

Calist alikuja kuzisikia habari hizi kupitia kwa Aneth. Alipiga simu akaongea nusu saa. Alisema hiyo si salama hata kidogo, mama afute sura, aweke namba ya siri ndefu isiyojulikana na mtu. Mama yake alimsikiliza vizuri, akamwambia amemwelewa, na kwamba suala hilo wataliangalia mavuno yakipita. Kisha akampa simu Winfrida aikate, kwa sababu alikuwa ameshika ungo.